Aliyenyamaza katikati ya Baba Yetu

Wiki hii tumemzika mjane mmoja wa Ntalikwa, mkulima wa karanga na jirani yangu wa miaka mingi. Hakuwahi kusoma safu hii. Aliniambia wazi kwamba naandika mno kuliko ninavyolima. Nilimpenda hivyo hivyo. Alikuwa mbishi, naye alijijua, na ndiyo maana leo nataka kumzungumzia.

Miaka kadhaa iliyopita kidonda cha kisukari kiliula mguu wake. Madaktari kule hospitali ya Kitete walimweleza bila kumficha kwamba mguu ukatwe, la sivyo utamuua. Akakataa. Mungu ataniponya, alisema, na jumuiya yetu ikawa inakutana kwake kila wiki kumwombea. Hapo ndipo tulipoona jambo geni. Tukisali Baba Yetu, tukifika "utakalo lifanyike", sauti yake, iliyokuwa kubwa kuliko zetu zote, inakatika. Tunamsikia tena kwenye mkate wa kila siku. Katekista uvumilivu ukamshinda. "Mayu," akamwita, yaani mama, "mbona hapo unaruka?" Akajibu, "Moyoni nimeshasema hapana. Sasa mdomo ukisema ndiyo, si nitakuwa namdanganya?" Tukaendelea na litania.

Kisha ndugu zake wakamletea mhubiri kutoka mjini, kijana mwenye spika. Huyo akamwambia asiombe kinyonge, amwamuru Mungu amrudishie mguu wake mzima. Mama akamsikiliza mpaka mwisho, akamshukuru, akamnywesha uji. Kijana alipoondoka tulimkuta Mama anacheka huku machozi yanamtoka. "Kumbe tunafanana," akasema. "Na mimi siku zote hizi namwamuru, ila sina spika. Ubishi wangu nimeuita imani." Akajifuta uso kwa upindo wa kanga. "Naogopa, jamani. Nitafutieni usafiri wa kwenda Kitete."

Asubuhi ya upasuaji alisali sala nzima. Pale alipozoea kunyamaza sauti ilitetemeka, lakini ilitoka. Mguu ukakatwa, naye akaishi. Kila msimu alipalilia karanga zake akiwa amekaa chini juu ya gunia, anajisogeza tuta kwa tuta, akitugombeza tuliojitia kumsaidia.

Siku hizi wengi wetu tunampelekea Mungu uamuzi tuliokwisha kuupitisha. Tunachotaka kwake ni muhuri tu. Asipougonga, tunalalamika kwamba kanyamaza. Tena tumezoea kudhani kwamba mtiifu ni mtu mpole asiye na lake analolitaka. Mama huyu alikuwa na lake. Aliupenda mguu wake, akaupigania, akaulilia, kisha akautoa. Nimewajua watu wengi wa sala, lakini utii wa namna hiyo nimeuona kwake tu. Basi, msomaji wangu, kabla hujamwambia Mungu ndiyo, mpelekee kwanza hapana yako. Anaijua tayari, na anangoja uiseme wewe mwenyewe.