Maneno ya Bi Chiku Yaliyobaki Maramba

Idarusi wa Mabawa alikuwa karani bomani Tanga, na Kizungu chake kilikuwa cha kutamanisha. Mwaka 1954 wajumbe wa Umoja wa Mataifa walipofika Maramba kuwasikiliza wananchi, yeye ndiye aliyetakiwa kutafsiri. Kabla hawajaketi, Bwana Shauri, Mzungu mkubwa wake bomani, akamnong'oneza: "Fupisha. Barua yako ya kwenda kusoma Ulaya bado iko mezani kwangu."

Akasimama Bi Chiku, mjane, akaeleza shamba lake lilivyomegwa na wenye mkonge, michungwa ikang'olewa, hata kaburi la mumewe likapitiwa na trekta. Alisema mpaka jasho likamtoka. Idarusi akawageukia wageni: "Mama huyu anashukuru mmekuja. Anaomba msaada wa kilimo." Basi.

Barua ikatoka. Mabawa nzima ikatembea kifua mbele, mtoto wao kaenda kusomea siasa za mataifa! Akapata shahada, akaanza kuandika tasnifu juu ya nchi zilizo chini ya udhamini wa Umoja wa Mataifa, Tanganyika ikiwamo. Siku moja maktabani akafungua taarifa ya ile safari. Maramba ilipewa mstari mmoja: watu hawana malalamiko ya ardhi. Mwalimu wake akamwambia huo ni ushahidi mzuri, autumie. Idarusi hakuutumia.

Mwaka 1958 akarudi. Kwao Mabawa hata begi hakufungua, akashika njia ya Maramba. Alimkuta Bi Chiku kwa bintiye Mboni, anapukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Si wewe mwenye Kizungu? Umenenepa! Wale wageni wako kimya mpaka leo."

Akamweleza yote, macho chini.

"Nilishangaa siku ile," alisema Bi Chiku. "Mimi nimesema mpaka koo limekauka, wewe maneno mawili umeketi. Nikajiambia, labda Kizungu ndivyo kilivyo, kifupi."

Mboni akaangua kicheko. Mama yake hakucheka.

"Toa karatasi, tuwaandikie wale wageni. Nitasema tena, usiruke hata neno. Ukimaliza, andika na ulichofanya wewe."

Idarusi akaishusha kalamu. Barua hiyo ikisomwa huko, nani atamwamini tena msomi aliyeyadanganya mataifa? Lakini akaandika, jina lake na la babake: mimi ndiye niliyeficha. Bi Chiku akatia sahihi ya dole gumba.

"Nisamehe, bibi."

"Hilo lingoje," alisema, akachukua hindi jingine. "Shamba bado wanalo wao. Kapeleke barua."