Yadi Nane za Zapalac

Kwa miaka ishirini na saba, kila Ijumaa ya mpira wa Kimarekani, ule wa kurushwa kwa mikono, Nelda Zapalac amepanda ngazi ya chuma hadi paa la kibanda cha watangazaji, kamera ya kurekodi mchezo begani na blanketi kiunoni, na kutoka huko ameuona mji wa Dubovec, Texas, kama wenyewe haujawahi kujiona. Anaona visogo. Visogo mia tisa vya watu wanaomkodolea macho kijana mmoja tu, yule mrusha mpira, kama kuku wanaofuata mkono wenye mahindi. Wachezaji ishirini na mmoja waliobaki hawamhusu mtu mpaka mpira uruke. Hapo ndipo kila mwenye mdomo anageuka kocha.

Siku za kazi Nelda hupika katika jiko la shule. Hakuolewa na wala halalamiki. Wanaume wa Dubovec aliwachoka kabla hajafikisha miaka ishirini na mitano, na kisa kilikuwa mpira huohuo. Anaishi na mbwa mmoja kiziwi, na husema kwamba kati ya wakazi wote wa mji huyo ndiye mwenye bahati, kwa sababu hamsikii Delmar Kubena.

Delmar huuza matrekta na ni mwenyekiti wa washabiki. Ana tumbo la kuheshimika, kofia yenye jina lake mwenyewe, na wazo moja analolipigia kelele tangu ujana wake: "Msogelee! Msogelee huyo!" Akimwona mlinzi wa pembeni amesimama yadi saba au nane kutoka kwa mpokeaji, mdaka mpira wa timu pinzani, damu humchemka. Kwake huo ni woga, ni ulegevu, ni vijana wa siku hizi.

Wala si jambo gumu kulielewa. Nelda amelieleza jikoni huku akimenya viazi na wapishi wenzake wakaelewa. Mpokeaji anajua anakokwenda, mlinzi hajui. Mlinzi anaanza kwa kukimbia kinyumenyume, na huwa si mwepesi kama mwenzake. Akibanana naye akapitwa bega, nyuma yake hakuna mtu, ni majani matupu na pointi sita. Akikaa mbali, anawaona mpokeaji na mrusha mpira kwa mtazamo mmoja. Mpira mfupi utadakwa, ndiyo, na udakwe. Anakuja anamwangusha palepale, mchezo unaendelea. Unatoa kidogo ili usiporwe kikubwa. Lakini mwelezee Delmar.

Jumamosi moja ya Novemba wanaume kumi na wawili walikusanyika kama kawaida katika chumba cha timu ya shule, kila mmoja na kolachi yake mkononi, andazi la Kicheki lenye aprikoti au soseji, kutazama picha za mchezo wa jana, Nelda akiziendesha. Timu ilikuwa imefungwa kumi na nne kwa kumi, kwa mipira mingi mifupi. Kocha wa ulinzi, Tobin Oakes, kijana mgeni mwenye mke mjamzito, aliketi mbele kama mshtakiwa. Jumatatu bodi ya shule ingekaa kuamua kama abaki au aondoke, na kila aliyekuwemo alijua bodi husikiliza tumbo la nani.

"Simamisha hapo, Bi Nelda!" Delmar alinyanyuka, makombo yakamdondoka kifuani. "Jamani, tazameni. Kati ya huyu na huyu unaweza kupanda ekari ya mahindi!"

Wakacheka. Wangecheka hata angepiga chafya.

"Mzee Kubena," Oakes akasema, "yule kijana wao ana mbio kuliko mtu yeyote wa kwetu. Tungembana, tungefungwa mabao matano."

"Hujui kitu, bwana mdogo. Mimi nimecheza nafasi hiyo! Mwaka themanini na saba, nusu fainali ya jimbo, tunaongoza, imebaki dakika moja. Nikaambiwa nisimame nyuma kama mlinzi wa geti. Jamaa akaja na kasi yake yote, akanipita. Kwaheri kombe." Akamgeukia Nelda kwa sauti ya msibani. "Baba yako, Mungu amrehemu, alikuwa mtu mwema, Nelda. Lakini mwoga."

Kocha Alvin Zapalac alifukuzwa kabla ya Krismasi ya mwaka huo. Aliishia kusambaza mitungi ya gesi mji wa mbali, akafia katika nyumba ya kupanga. Mkanda wa mchezo ule hakumwonyesha mtu. Nelda alimlilia auonyeshe, akakataliwa. Mzee alisema mtoto wa miaka kumi na saba habebeshwi mji mzima mgongoni, na akamwapisha asiuonyeshe.

Kiangazi kilichopita Nelda aliihamishia mikanda yote ya zamani kwenye kompyuta ya shule. Ule nao. Sasa vidole vyake viliutafuta na kuupata.

"Keti, Delmar," alisema. "Tukutazame."

Ukutani akatokea kijana mwembamba mwenye namba ishirini na moja. Amesimama yadi nane nyuma, mahali pake hasa. Kisha, kabla mpira haujaanza, akasogea hatua moja. Akasogea nyingine. Akasogea mpaka kofia yake ikakaribia kugusana na ya mpokeaji. Mpira ukaanza, mpokeaji akajipinda kidogo tu, akapita. Namba ishirini na moja akabaki ameukumbatia upepo.

Mmoja wa wanaume akaiweka kolachi yake mezani taratibu.

"Nilikuwa mtoto, Nelda," Delmar alisema. Sauti ilikuwa ndogo, ya mtu mwingine.

"Ndiyo. Hata baba alisema hivyo, akanyamaza mpaka kaburini kwa ajili yako. Wewe ukamla yeye miaka thelathini na sita, na leo unataka kumla na kijana huyu. Una miaka hamsini na mitatu, Delmar. Utoto umeisha."

"Zima basi. Nakuomba, dada."

Hakuzima. Aliurudisha mwanzo, akauchezesha polepole, na safari hii alinyoosha kidole pembeni kabisa mwa picha, ambako hakuna aliyekuwa ametazama. Pale kwenye mstari alisimama mtu mfupi mwenye koti la kocha, amenyanyua mikono yote miwili, anapunga, anapunga, rudi nyuma, mwanangu, rudi nyuma.