Nilivyotetea Tasnifu kwa Kompyuta Ndogo

Kompyuta hiyo niliinunua mtaa wa Majengo, nilipokwenda Meru kwa semina ya walimu, katika duka lililopakana na bucha. Muuzaji, mzee mpole, aliigeuza nikaiona pande zote.

"Mama, hii haina feni. Prosesa yake inakula stima kidogo, kwa hivyo haipati joto. Lakini usiipe kazi nzito."

"Kazi yangu ni kuandika tu," nikamwambia.

Nilikuwa na miaka hamsini na miwili, mwalimu wa shule ya msingi Kianjokoma, nikisomea shahada ya uzamili nikiwa nyumbani. Shemeji yangu, mfanyakazi wa ofisi mjini Embu, alipoiona alicheka. "Shemeji, hii si ya watoto kuchezea?"

Ilikuwa ya polepole, sitaficha. Nikifungua kurasa nyingi za mtandao kwa pamoja, ilikwama. Nikazoea kufungua moja, kuifunga, ndipo nifungue nyingine. Niliibeba kwenye kiondo hadi Kanja, nikaandika mashambani kwa akina mama walionieleza wanavyohifadhi mbegu za maharagwe. Sura zote tano za tasnifu niliziandika humo.

Siku ya kuitetea tasnifu kwa video, shemeji aliniletea laptopu yake kubwa. "Leo usijiaibishe." Nikakubali kwa woga. Asubuhi hiyo mvua ilinyesha, stima ikapotea. Betri yake ilikuwa imechoka, na feni ilivuma kama mashine ya kusaga unga. Nikiwa katikati ya swali la kwanza, ikazimika.

Nikavuta kompyuta yangu ndogo, nikafunga kila kitu isipokuwa video, nikaiunganisha na intaneti ya simu. Maprofesa walikuwa bado wananingoja.

"Tuendelee, Mwalimu," mwenyekiti akasema.

Nyuso zao zilikwama-kwama kwenye kioo, lakini sauti zilifika safi. Wakauliza, nikajibu. Wakanibana kuhusu mbegu, nikawabana kwa maneno ya wale akina mama. Stima haikurudi, na kompyuta yangu haikuyumba. Mwishowe mwenyekiti akatabasamu: "Hongera. Umepita."

Nilipiga vigelegele peke yangu. Mama yangu akaja mbio kutoka shamba la majani chai, kikapu mgongoni, akiuliza kwa Kiembu nani ameolewa.

"Nimepita, Mama!"

Akatua kikapu, akanikamata mikono, tukacheza pale pale kwenye matope. Shemeji naye akaingia katikati yetu, na viatu vyake vya ofisini.