Daktari wa Karafuu Aliyenirudishia Pua

Habari ilinifikia sokoni Garissa nikipima maziwa ya ngamia: yule daktari wa pua amefariki kwao bara. Inna lillahi. Hakuwa Mwislamu, nikamtamkia hivyo hivyo, na akina mama wenzangu wakaitikia. Halafu mmoja akaanza kucheka, nasi tukamfuata, maana mtu yule ukimkumbuka huwezi kulia muda mrefu.

Nyinyi wasomaji wangu mnajua niliponea moto ulioteketeza vibanda tulivyopanga. Nimesema na nasema tena, aliyetuchoma ni mwenye vibanda, aliyetuwekea nyaya mbovu huku akipokea kodi, pamoja na afisa aliyekuja kukagua, akanywa chai, akaenda zake. Moshi ule uliniachia uhai ukachukua pua. Na muuza maziwa asiye na pua ni nani? Hapa kila dumu hunuswa kabla ya kumiminwa kwenye pipa la pamoja, kwa sababu dumu moja likichacha limeharibu ya wote. Wenzangu wakaniambia, "Abaayo, dada yetu, tunakupenda, lakini kaa nyumbani." Nikakaa, na watoto wanataka kula.

Daktari huyo alikuwa akichunguza jinsi harufu inavyofika kwenye ubongo. Alitembea na vichupa vya eujenoli, kile kitu hasa kinachoipa karafuu harufu yake. Siku aliyokuja kwangu kunipima pamoja na watu wa nyumbani, mama mkwe alimpokea kama mgeni anavyopokewa: alifukiza uunsi, ubani wetu, tangu alfajiri, moshi mpaka kuta hazionekani. Daktari akampa kichupa anuse. Hasikii kitu. Wifi yangu, hasikii. Jirani naye, hasikii. Nikaona uso wa daktari umebadilika.

"Mama, nyumba hii yote pua zimekufa?"

"Zimekufa wapi!" mama mkwe akamjia juu. "Tumekufukizia uunsi wa arusi, wewe unatuletea kichupa kama cha wanja. Wallahi hata ngamia hawezi kusikia!"

Daktari alicheka hadi akakohoa, nasi tukacheka naye. Akatutoa nje, upepo ukatupiga, akaanza upya. Wote wakasema karafuu. Mimi peke yangu, hakuna. Mama mkwe akaacha kucheka, akanishika mkono.

"Mishipa ya pua huweza kuota tena," daktari aliniambia. "Siahidi. Nusa asubuhi na jioni, na ukinusa uikumbuke karafuu." Akaniachia kichupa, na kila alipopita Garissa alikuja kuniuliza.

Mvua zikaja, zikaenda. Halafu asubuhi moja nimepita sokoni kusalimia tu, kitu kikanipiga puani.

"Dumu hilo limechacha! Msimimine!"

"Huyu hana pua," mwenye dumu akanidhihaki, "leo anatufundisha?"

Wakanusa. Kweli limechacha. Kisha vigelegele, kwa maziwa mabovu! Nikampigia daktari nikilia: "Maziwa yameharibika!"

"Hongera sana, mama!"

Wengi hutumwa huku kutoka bara, wanaandika kasoro zetu, wanaondoka. Yeye jibu lilipomshangaza aliuliza, akachekwa, akapima upya. Afisa yule angeuliza swali moja tu kuhusu nyaya, tusingeungua. Anayetumwa kwetu na aje na kichwa cha namna hiyo: aulize tena kabla ya kuandika.