Mizani Tupu Mkononi mwa Mbeyu

Inatangazwa kwa wote wenye mizani ya mkono katika kisiwa cha Mombasa kwamba, kuanzia tarehe mosi mwezi ujao, kamba za kuning'inizia visahani ziwe nyeupe, wala si za rangi nyingine yoyote. Sababu ya amri hiyo haikutajwa. Tangazo limebandikwa mlangoni pa ofisi ya vipimo tangu Jumatatu, na mpaka tunapoandika habari hii, mwanzoni mwa Juni 1949, waliosimama kulisoma ni wachache.

Saa tatu asubuhi, Mbeyu Chonga ameketi mkekani katika nyumba moja ya Kibokoni, Mji wa Kale. Ananyanyua mizani ya shaba yenye visahani visivyozidi kiganja. Kimoja kina jiwe la kupimia lenye uzito wa tola moja, kingine kina vipande vya udi. Ufito wa mizani unainama kidogo, kisha unatulia. Mbeyu haushushi. Anaushika kwa muda mrefu kuliko biashara inavyohitaji.

"Tazameni vyema," anawaambia wanawake wa nyumba ile. "Mimi nina nafasi."

"Tushaona, Mbeyu, shusha," anajibu mmoja wao. "Au wangoja mpiga picha?"

Mbeyu, mwanamke mzaliwa wa Rabai mwenye umri wa miaka thelathini na sita, ni mchuuzi wa Sherali, mfanyabiashara wa udi na zafarani. Wanawake wa nyumba za heshima hawaendi dukani. Duka huwafuata ndani ya kikapu. Kwa kazi hiyo hulipwa shilingi arobaini na tano kwa mwezi. Kanuni yake ni moja: kipimo hufanywa mbele ya mnunuzi, na mizani ikishanyanyuliwa haiguswi.

Mwaka jana, majira ya kusi, mkono wake ulianza kutetemeka. Visahani vikawa vinacheza. Ili kuvituliza, Mbeyu aliingiza kidole kidogo chini ya kisahani cha jiwe.

"Nilikuwa naisaidia mizani," anasema.

Kwa bahati mbaya, hivyo ndivyo wanavyofanya wezi wa vipimo ili udi kidogo uonekane mzito, na hakuna mwanamke wa Mji wa Kale asiyejua. Mteja wake wa miaka mingi, Bi Khursheed, mjane wa mwuza kanga, ndiye aliyesema lililokuwa vinywani mwa wengi.

"Mbeyu, mwanangu, kidole hicho nacho chauzwa?"

Wiki iliyofuata Bi Khursheed alipeleka lalamiko katika ofisi ya vipimo. Nyumba nane zikamfungia Mbeyu milango.

Mwili wake nao haukumtetea. Alikuwa akila sahani mbili za wali na bado akikonda. Alitoka jasho siku ambazo majirani walijifunika mashuka. Usingizi ulimtoroka. "Nimelala kitandani, na moyo wenda mbio kama nafukuzwa," anakumbuka.

Majirani waligawanyika. Kundi moja lilisema ana pepo anayetaka ngoma. La pili lilisema dhambi humla mtu kwa ndani. Macho yake nayo yalikuwa yametokeza. "Mato yamekutoka hivyo, wamwona nani?" aliulizwa kisimani. Hakuna kundi lililotoa ushahidi, na hakuna lililoombwa kuutoa.

"Nilikaribia kuamini kuwa mimi ni mwizi," asema Mbeyu. "Mkono wangu ulikuwa ukikiri, na mimi sijaiba."

Sherali, ambaye hasifiki kwa upole, alikusudia kumfukuza. Kabla ya kufanya hivyo alitoa udi, akatoa na jiwe, akamwamuru anyanyue mizani tupu. Visahani vikacheza. Kidole kikaenda chenyewe chini ya kisahani, kwa mazoea.

"Sasa waiba nini?" Sherali aliuliza. "Hewa?"

"Sijui, bwana."

"Mwizi huiba kitu. Nenda kwa daktari."

Daktari Ghulam alimwambia anyooshe vidole, akaweka karatasi juu yavyo, karatasi ikatikisika. Akamnywesha maji huku akimtazama shingo, akaona uvimbe ukipanda na kushuka kwa kila funda.

"Hapa kooni pana tezi," alimweleza. "Hutia maji yake katika damu, na maji hayo ndiyo yauambiayo mwili uende kasi gani. Lako limezidisha. Ni kama chetezo kilichotiwa makaa mengi: udi waungua mbio, na chumba hakipati harufu."

"Basi niondolee makaa, daktari."

"Kuyaondoa siwezi. Nitayapunguza."

Aliyapunguza kwa vidonge vilivyoanza kuletwa baada ya vita, mara tatu kwa siku, bila kuruka. Alimwonya pia: akipata homa na koo kuuma, aviache na aje siku hiyohiyo apimwe damu, kwa kuwa vidonge hivyo kwa nadra huharibu kinga ya mwili. Mwezi wa tatu wa dawa koo liliuma. Mbeyu alikwenda. Damu ilikuwa salama, yalikuwa mafua.

Neno "kupona" daktari hakulitamka. Dawa huenda ikachukua mwaka na nusu, ugonjwa waweza kurudi, na ukirudi kuna kisu cha upasuaji. Macho hayajarudi sawasawa. Mengine yamerudi: nyama mwilini, usingizi, na mkono.

"Asubuhi moja nilimimina chai, na haikumwagika," asema Mbeyu. "Nikairudisha birikani, nikamimina tena. Nikalia, kisha nikainywa, imeshapoa."

Nyumba tano zimemfungulia. Ya Bi Khursheed ni mojawapo. Tulipomwuliza kama ataondoa lalamiko lake, alijibu, "Nimeshaipa serikali. Kitu ukishampa mtu, wakidai vipi?"

Kwa nyumba tatu zilizobaki, Mbeyu anataka neno moja tu kutoka ofisi ya vipimo, kwamba hakuiba, na analitaka kabla ya Ramadhani ifikayo mwisho wa mwezi huu, msimu wa kununua udi wa Idi. "Daktari amenirudishia mkono," asema. "Jina langu bado liko kwao."

Leo alasiri ofisi imetoa uamuzi. Mizani imekaguliwa na kuonekana ni sahihi. Mkono, kwa maana ya sheria, si chombo cha kupimia. Kwa hiyo ofisi haina mamlaka ya kusema kama ulikosea au haukukosea. Lalamiko litabaki wazi, na litatazamwa tena baada ya miezi sita.