Mama Adrienne na Filamu ya Gazi

Mama Adrienne ni jirani yetu wa ukuta. Nyumba za kambi yetu ya wafanyakazi wa shaba, hapa Shituru, zimejengwa mbili-mbili, na ukuta wa katikati ni mwembamba hata akipiga chafya sisi tunamjibu "santé!" tukiwa kwetu. Kwenye karatasi haitwi Adrienne tena, tangu serikali ilipotukataza majina ya ubatizo. Kwenye karatasi ni Citoyenne Kabulo, yaani raia Kabulo. Lakini kambini hakuna anayemwita hivyo, isipokuwa mtu anayetaka kumgombeza.

Kazi yake ilikuwa kufundisha kina mama kushona na kupika katika foyer, ile nyumba ambayo Kampuni ilijenga kwa ajili ya wake za wafanyakazi. Ila kilichomfanya apendwe ni kitu kingine. Firmin, mwonyesha sinema wa Kampuni, akija na gari lake, filamu zote zinasema Kifaransa, na mama zetu wengi hawakukisoma. Basi Mama Adrienne alikuwa anasimama kando ya kile kitambaa cheupe, kipaza sauti mkononi, na kuwasemea wote: mzungu, polisi, bibi arusi, hata farasi. Siku moja farasi alimwambia bwana wake, "Minye nimechoka, shuka utembee na weye!" Kina mama walicheka mpaka mwisho wa filamu ukawapita.

Mvua zilipoanza, wakaja watu na kamba na vigingi vyekundu. Walivipigilia nyuma ya nyumba zetu, kati ya vyoo na robine tunapochota maji, mpaka kwenye ukuta wa foyer ambapo watoto wadogo wanalala mchana. Hakuna aliyetuuliza kitu. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya bure ya kufagia mitaro, mkubwa wa kambi, ambaye wote tunamwita Chef, alipanda juu ya pipa akatutangazia. Bomba kubwa la gazi, yaani gesi, litapita hapo, kutoka kwenye tanuru za shaba mpaka kiwanda cha asidi. Ni maendeleo. Tukapiga makofi, maana Barthélemy, yule anayeongoza nyimbo na ngoma za chama kinachotawala, alikuwa anaangalia mikono yetu.

Nilimuuliza baba kwa nini bomba lisipite nyuma ya kile kilima cha takataka za tanuru, kusikokaa mtu. Akaniambia njia ile ni ndefu, na bomba ni bei kali. Kumbe sisi tulikuwa njia ya mkato!

Jioni ile tulikuwa uani kwa Mama Adrienne, mama yangu Eugénie na mimi, tukichambua sombe, majani ya muhogo. Bwana wake Philippe, fundi wa kiwanda, akaanza kucheka peke yake.

"Unacheka nini?" Mama Adrienne akamuuliza.

"Ile gazi. Kila mwaka banatufungia mu salle, banatuonyesha filamu yake. Banaweka kandege mu kizimba, gazi inaingia, kandege kanakufa. Kisha banasema: vaa maski, kimbia, usilale karibu na bomba. Minye nalalaka usingizi, naamukaka tu wakati wa kandege."

Mama Adrienne akaacha sombe. "Banasema usilale karibu?"

"Njo banasema."

"Na shiye, mbona hawatuonyeshe?"

"Ninyi hamuko bafanyakazi, Adrienne."

"Batoto yangu banne balale pembeni ya ile bomba, na minye siko mufanyakazi?" Alisimama na majani yakamwagika. "Philippe, ile filamu iko wapi?"

"Iko na Firmin, mu gari. Tafazali, mwanamuke, usitutafutie Buluo."

Buluo ndiko kuna gereza kubwa, na hakuwa anatania. Kuita watu kwenye mkutano wa kukataa bomba ilikuwa kujipeleka huko kwa miguu yako mwenyewe. Lakini sinema? Filamu ya Kampuni yenyewe, ndani ya foyer ya Kampuni, kwa mashine ya Kampuni? Mama Adrienne alivaa kikwembe, kitenge chake cha misa, akaenda kwa Chef, na mimi nyuma yake nikimbebea mfuko. Alisema anaomba kuwaonyesha kina mama filamu ya elimu, ya usalama.

"Elimu ni muzuri, Citoyenne," Chef akasema. "Chama inapenda elimu. Lakini weye, mudomo yako nayijua. Barthélemy njo atasema."

Nilidhani mambo yameishia hapo. Mama Adrienne akainama kidogo. "Aseme, Chef. Minye nitapanga tu viti."

Jumapili baada ya misa foyer ilijaa. Tulifunika madirisha kwa mablanketi, joto likawa kama la tanuru. Sisi watoto tulikimbilia mbele, chini, karibu na kitambaa, maana hapo ndipo mahali petu tangu sinema ianze kuja kambini. Mama Adrienne akatufukuza kama kuku.

"Leo hapana! Mutoto wa shule akae na mama yake. Mwenye mama yake hayiko, atafute mama ya mwingine!"

Tulinung'unika. Chef, kwenye kiti chake cha mbele, alifurahi. "Discipline!" akasema, akampigia makofi.

Mama Adrienne alipita kati ya mistari akizigusa shingo zetu moja moja. Aliponifikia akainama. "Hélène, masikio yako ikae mu Kifaransa, mudomo yako ikae kwa mama yako. Umesikia?"

Nikasikia.

Firmin akawasha mashine. Sauti ya mzungu ikasema gazi hii inaunguza mapafu, na mtu anaweza kufa kabla hajaita jina la mwenzake. Barthélemy akashika kipaza sauti. "Hapa anasema Kampuni inatulinda kama mubaba na mumama!"

Nikasogeza mdomo sikioni mwa mama yangu. "Mama, hajasema hivyo." Nikamwambia alichosema. Pembeni yetu mtoto wa darasa la sita alikuwa anamwambia bibi yake, nyuma yetu wasichana wawili wanamwambia mama yao kwa kupokezana. Ukumbi wote ukawa unanong'ona kama mvua juu ya mabati. Barthélemy akapandisha sauti, sisi tukasogea karibu zaidi na masikio ya mama zetu.

Ndege akaonekana kwenye kizimba, mdogo, wa njano. Moshi mwepesi ukaingia. Akayumba, akaanguka.

"Ndege amelala," Barthélemy akasema.

"Amelala miguu juu?" mama mmoja akauliza gizani.

Watu wakacheka, kisha kicheko kikakatika chenyewe. Maana sauti ya filamu ilikuwa inasema, polepole, kama mwalimu anayeamuru imla, kwamba ni marufuku kabisa kuweka nyumba za watu, shule au mahali pa watoto kando ya bomba kama hilo. Nilirudia kwa mama yangu neno kwa neno.

Mama Eugénie, mama yangu, ambaye hata kwa muuza chumvi haongei, alisimama. "Chef! Bafanyakazi iko na maski. Batoto yetu iko na nini?"

"Firmin, zima!" Chef akapiga kelele.

"Chef, ni filamu ya Kampuni," Firmin akasema kwa adabu kubwa. "Sina ruhusa ya kuikata katikati."

Iliendelea mpaka mwisho. Barthélemy akaanzisha wimbo wa chama wa kufunga. Hakuna aliyeitikia. Kina mama walibeba viti vyao wakatoka.

Kesho yake asubuhi, wanaume walipokuja na masepetu kuchimba mtaro, waliwakuta wake zao wameketi kando ya vigingi, watoto mapajani. Hakuna aliyetukana. Kila aliyeulizwa alijibu neno lile lile: "Tunangojea maski." Baba yangu alikuwa kati ya wachimbaji. Alimtazama mama, akaegemea sepetu lake, na siku ile hakuchimba hata shimo la panya. Kesho yake ikawa vile vile, na kesho kutwa.

Siku ile ya kwanza Mama Adrienne hakuwa nao. Alikuwa ofisini kwa Chef, ambako walimweka tangu asubuhi mpaka jua kuzama, bila chakula, watu watatu wakimuuliza swali moja: nani aliwafundisha watoto wapinge?

"Nani aliwafundisha Kifaransa?" akawajibu. "Ni shule yenu. Mulisema ni akili. Sasa iko makosa?"

Walimwachisha kazi siku hiyo hiyo. Philippe wakampeleka kwenye zamu ya usiku, wakamwambia nyumba ni ya Kampuni na Kampuni inaweza kuihitaji. Kupitia ukuta nilimsikia Philippe akigomba, halafu akimuuliza mke wake kama amekula.

Vigingi viling'olewa mvua zilipokuwa kali. Bomba likapita nyuma ya kilima cha takataka, njia ile ile ndefu iliyokuwa haiwezekani. "Sababu za kifundi," walisema. Kina mama hawakutajwa popote. Nilidhani basi yameisha.

Hayakuisha. Barthélemy alipita nyumba kwa nyumba akigawa vikwembe vipya vya chama. Jumamosi kina mama wote waandamane, waimbe na kucheza mbele ya Chef kumshukuru, kwa kuwa ameisogeza gazi kwa moyo wa mzazi. Kumshukuru yeye! Kwa Mama Adrienne alileta kikwembe na ujumbe: akija kucheza mstari wa mbele, atarudishiwa foyer yake.

Mama Adrienne alikishika kile kitambaa, akakigeuza upande wa pili kama anayetazama mshono.

"Barthélemy, mwanangu. Muntu anashukuriwa sababu hakukuua?"

"Mama, ni kucheza tu. Kidogo tu. Kisha unapata kazi yako."

"Beba kikwembe yako. Mwambie Chef nashona."

Jumamosi ngoma zilivuma tangu asubuhi. Mama yangu alikwenda, kwa ajili ya kazi ya baba. Nilibaki na Mama Adrienne kwenye baraza, yeye na cherehani yake, akishona sare ya mtoto wa mtu. Mchana kina mama wakarudi wakitiririka jasho, vikwembe vipya vyote sawasawa, wakasimama mbele ya baraza. Mama yangu aliangalia chini.

"Tulicheza, Adrienne."

"Nilisikia. Hélène, leta mayi, bamekauka." Nikaleta ndoo na kikombe, wakanywa mmoja mmoja. Mama Adrienne akakata uzi kwa meno. "Mumalize kunywa, muende muvue ile vitu. Na jumatatu, mwenye anataka kushona aje hapa. Viti mulete benyewe."