Shangazi Kafumba

Habari ilinifikia nikiwa nimeshika pasi. Nilikuwa nanyoosha majoho ya kwaya, nimebakiza mawili, simu ikalia juu ya friji. Alikuwa wifi yangu, mke wa mdogo wangu. Wifi ni mtu wa maneno mengi, lakini asubuhi ile aliyatoa moja moja.

"Wifi, kaa chini."

"Nina pasi mkononi. Sema tu."

"Mdogo wako ametutoka. Nimemkuta mezani jikoni, kalaza kichwa juu ya mkono. Nikadhani kasinzia." Kisha akaongeza neno ambalo mtu mwingine angelishangaa. "Vizibo vyake viko hapa, kavipanga. Sijui nivitoe au niviache."

Nikamwambia aviache. Nikapiga magoti palepale sebuleni nikamwomba Mungu ampokee mdogo wangu, na pasi nikaisahau juu ya joho. Alama yake ya kahawia ipo hadi leo, na mwenzangu wa sauti ya pili analivaa joho hilo bila kulalamika.

Vizibo vile ni vya chupa za soda, kumi kwa jumla, vitano vyekundu na vitano vya kijani. Mdogo wangu alikuwa mwalimu wa useremala katika chuo cha ufundi, na jioni alikuwa kocha wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo hicho. Alifanya kazi hizo mbili miaka ishirini na saba. Watu walimwita Chaki, kwa kuwa mfuko wake wa shati haukukosa kipande cha chaki. Alipopata wazo alichora palepale alipokuwa. Mlango wa friji ya wifi ulikuwa na mishale mingi kuliko barabara kuu. Pasipokuwa na pa kuchora, alipanga vizibo mezani, akavisogeza, akaviangalia, akaviomba radhi wifi alipotaka kuweka sahani.

Saa moja baada ya wifi, akapiga simu Ngazi. Huyu aliitwa hivyo kwa urefu wake, na kila aliyemjua alijua kwamba alikuwa mwanafunzi mpendwa wa Chaki, kisha msaidizi wake, kisha mpinzani wake mkubwa. Alilia kwa dhati. Nilimsikia akipenga kamasi. Halafu akasema:

"Shangazi, samahani kuuliza wakati kama huu. Hakuacha daftari lolote?"

"Daftari la nini?"

"La ishara, shangazi."

"Ngazi! Mwili haujapoa!"

"Samahani, shangazi. Nitauliza kesho."

Ili mtu aelewe uchu huo, lazima nirudi nyuma miaka kumi na mitatu. Ngazi alipoondoka kwenda kufundisha timu ya chuo kikuu cha upande wa pili wa mji, aliondoka na kichwa chake, na ndani ya kichwa hicho zilikuwemo ishara zote za Chaki. Ngumi juu ilimaanisha kubana mtu kwa mtu, kila mchezaji na wake. Kuvuta sikio kulimaanisha ulinzi wa kanda, wawili mbele na watatu nyuma, kila mmoja akilinda sehemu yake. Kwa hiyo Chaki aliposogeza mkono kuelekea sikio, Ngazi alikuwa keshawapanga vijana wake. Walikutana fainali mara mbili, na mara zote mbili Chaki alirudi nyumbani akala huku akisogeza vizibo.

Msimu uliofuata mdogo wangu akaja kwangu siku ya Jumapili, kavaa shati safi.

"Dada," akasema, "naomba uje kwenye mechi zetu utuombee."

Nilitaka kulia. Huyu ndiye aliyekuwa akisinzia kanisani mpaka mke wake akambana kwa kiwiko. Nikaenda kwaya nikatangaza kwamba Mungu amemgusa mdogo wangu. Naye alinitendea kwa heshima kubwa. Aliniwekea kiti safu ya tatu, mkabala na benchi lake, kikiwa na mto wa kukalia, na utepe wa kuzuia wengine wasikae. Nikawa naenda kila mechi na mkoba wangu wenye peremende. Timu yetu ilipozidiwa, nilifumba macho nikaomba. Tulipotulia, nilifungua mkoba nikala peremende. Ajabu ni kwamba nilipofumbua macho, mara nyingi mambo yalikuwa yameshageuka. Na wachezaji wakawa wananiangalia, mechi nzima wananiangalia. Nikawaambia wanakwaya, "Vijana wale wana hofu ya Mungu."

Tulishinda mechi tisa mfululizo, na mbili kati yake zilikuwa dhidi ya Ngazi. Kule kwenye benchi Chaki alikuwa akirusha mikono kama mtu aliyevamiwa na nyuki, anavuta sikio, anapiga goti, anajikuna mgongo. Ngazi alimweka kijana wa kuandika kila alichofanya. Daftari likajaa na halikumsaidia kitu.

Nilijua ukweli kwa sababu ya mdudu. Ilikuwa mechi nyepesi, tunaongoza kwa pointi kumi na nne, mdudu akaniingia jichoni. Nikafumba macho, nikajisugua. Mara nikasikia sauti ya Kiberiti, mgawa mipira wa timu yetu, kijana mfupi mwenye moto, akipiga kelele:

"Shangazi kafumba! Shangazi kafumba!"

Nikafumbua jicho moja. Wote watano walikuwa wamekimbilia nyuma, wawili mbele, watatu nyuma, bila sababu yoyote. Nikafungua mkoba nitafute kitambaa.

"Kafungua mkoba!" akalia Kiberiti, na mpira ukaanza kutembezwa polepole.

Nikafunga mkoba. Wakaongeza mwendo. Nikafungua. Wakapunguza. Mungu anisamehe, nilirudia mara nne. Mara ya nne refa mwenyewe alisimama akawauliza kama wanaumwa.

Baada ya mechi nilimfuata Chaki kwenye kistoo cha mipira.

"Umeifanya sala yangu kuwa filimbi!"

"Dada, punguza sauti, Kiberiti peke yake anatosha kututangaza."

"Usinichekeshe. Sala yangu!"

"Kwani hukuwa unaomba kweli?"

"Niliomba kweli!"

"Basi Mungu alisikia na Kiberiti akaona. Aliyeumia nani?"

Akakaa juu ya mfuko wa mipira, akaanza kusema taratibu, na hapo uso wake ulikuwa kama wa yule mtoto niliyembeba mgongoni.

"Unakumbuka baba akirudi jioni? Mimi nilikuwa sijui kama kashajua nimevunja nini. Nilikuwa nakuangalia wewe mezani. Ukifumba macho, najua mambo mabaya, napita dirishani. Hukuwahi kukosea hata siku moja. Dada, wewe unaiona hatari kabla ya mimi. Sasa nikatafute mtu mwingine wapi?"

Baba yetu alikuwa fundi saa, na mdogo wangu alikuwa fundi wa kuzibomoa. Ni kweli nilikuwa nafumba macho. Sikujua kama kuna mtu alikuwa ananisoma.

Hata hivyo niligoma kwenda. Nilimpelekea mchungaji jambo hilo, nikamweleza lote. Alikohoa, akauliza, "Na mlishinda?" Nikaona sina msaada upande huo.

Fainali ikaja, nayo ilikuwa dhidi ya Ngazi. Ulikuwa mwaka wa mwisho wa Chaki kabla ya kustaafu, na daktari alikuwa keshamwambia habari za moyo wake. Hakuja kunibembeleza. Alituma tu ule mto wa kukalia, ukiwa umefungwa kwenye mfuko, bila neno. Nikaenda. Lakini nilijiapia kwamba nitaomba macho wazi kama taa za gari.

Niliweza robo tatu. Robo ya nne vijana wa Ngazi wakaanza kupenya katikati kama maji kwenye paa bovu. Kila mmoja wetu alikuwa anamfukuza mtu wake na katikati pamebaki uwanja mtupu. Nilikuwa nimekaa pale misimu miwili, nilijua kinachotakiwa. Chaki alikuwa anajikuna mgongo. Kiberiti aliniangalia. Nilijaribu kuomba na sala haikuja, nilikuwa nimejaa mpira kuanzia kichwani hadi kwenye viatu. Nikafumba macho hivyo hivyo. Nikahesabu hadi thelathini, huku nikichungulia.

Tulishinda kwa pointi moja.

Chaki alikuja safu ya tatu akiwa analia na kucheka. "Dada, ulikuwa unaomba?"

"Ndiyo."

"Midomo haikutikisika," akasema. "Ukiomba midomo yako hutikisika. Tangu utotoni."

Basi nikawa mwongo mbele ya umati, na shahidi wangu ni mdogo wangu. Miaka tisa yote iliyobaki, nikimkemea kwa lolote, alikuwa anafumba macho na kufunga midomo kabisa. Nilikoma kumkemea. Na tangu siku hiyo sikufumba macho tena mbele ya watu. Hata kanisani niliomba nikiangalia ukuta, kwa hofu kwamba nikifumba nitakuwa naigiza.

Wachezaji wote walimwahidi kutunza siri. Ngazi alihamia kufundisha timu ya kulipwa, akamsajili Kiberiti. Alimtaka kwa kipaji chake, ndiyo, lakini alimtaka pia kwa ile siri. Alimuuliza kwa upole, akamuuliza kwa vitisho, akamkimbiza uwanja mzima mara ishirini kila Jumatatu. Kiberiti akakimbia, akanenepa mapaja, hakusema. Ngazi akarudi kwa Chaki mwenyewe kila mwaka. Chaki alimjibu neno moja tu: "Utajua siku ya kunifukia."

Ndiyo maana siku ile ya msiba Ngazi alifika kabla ya majirani. Alisaidia kupanga viti, alibeba maji, kisha akaingia jikoni akakaa mbele ya vile vizibo saa mbili nzima. Alivipiga picha. Alichora kwenye karatasi. Jioni wifi alinivuta pembeni.

"Wifi, pale mezani palikuwa na peremende pia, nje ya vizibo, upande huu. Ngazi kaila."

"Kaila?"

"Anasema alikuwa na njaa."

Nilienda nikaangalia. Karatasi ya kufungia peremende ilikuwa bado ipo, mkabala na mahali ambapo lingekuwa benchi, kwenye safu ya tatu. Peremende ile ilikuwa mimi. Usiku wake wa mwisho mdogo wangu alipanga timu mbili na akaniweka kitini pangu. Nikaona ni vizuri aliyenila ni Ngazi, maana amenitafuta muda mrefu.

Mazishi yalikuwa siku ya tatu, saa nane mchana, jua limetulia. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, mimi sikuimba. Kisha mchungaji akageuka. "Dada yake atatuongoza katika sala ya mwisho."

Sikuwa nimeambiwa. Nilisimama kwenye ukingo wa kaburi nikiwaza, hii moja iwe ya kweli, Bwana, hii moja tu. Nikafumba macho. Nikaomba kwa ajili ya mtoto niliyembeba mgongoni, na sikuhesabu, na sikuchungulia, na nilihisi midomo yangu ikitikisika. Katikati ya sala nikasikia miguu ikikokota udongo. Nikasema amina, nikafumbua.

Vijana wa ile fainali, sasa watu wazima wenye vitambi na suti, walikuwa wametawanyika kulizunguka kaburi. Kiberiti na mwenzake mbele, watatu nyuma, magoti yamepinda kidogo, mikono imeanza kunyanyuka. Nadhani hawakujua wamefanya nini. Kiberiti alijitazama mikono, akaishusha haraka.

Upande wa pili Ngazi aliwaangalia wao. Akaniangalia mimi. Akaangalia wao tena. Akajipiga kofi la paji la uso lililosikika hadi kwa madereva.

"Kumbe ni shangazi!"

Wifi ndiye aliyeanza kucheka, kilemba kikamdondoka. Kisha wachezaji, kisha mchungaji, ambaye alijifanya anakohoa. Ngazi alikuwa anacheka na machozi yanamdondokea tai. "Miaka kumi na moja," alikuwa anasema, "miaka kumi na moja, na nimeila peremende!"

Tulipotulia, jeneza likashushwa. Lilitengenezwa na wanafunzi wake wa useremala na lilikaa sawa bila kugonga. Wifi alitupa udongo kwanza, mimi nikafuata. Kiberiti aliweka kipande cha chaki. Ngazi alivua koti, akachukua koleo, akafukia karibu nusu peke yake, hakukubali kupokezwa. Mchungaji alitoa baraka. Tuliweka maua, tukamsindikiza wifi hadi garini, tukarudi nyumbani.